Pasi za Nibras

Waandishi wa mpira wa Baghdad wana jibu la kila kitu, na la Nibras Chasib walikuwa nalo pia. Walisema winga huyu wa kulia ana roho ya kutoa. Anachukua mpira, anakimbia nao, anawaacha mabeki wamesimama kama watu wanaongoja teksi, anaingia ndani ya kumi na nane, na pale ambapo mtu mwingine yeyote angefumba macho akapiga, yeye anatoa pasi. Mfalme wa pasi, walimwita. Mkarimu kama watu wote wa Basra. Na watu wa Basra, ambao hawajawahi kuchoka kusifiwa, walikubali.

Waliomfuatilia kwa karibu walikuna vichwa. Huko Doha, akichezea klabu, Nibras alifunga magoli mpaka mashabiki wakamtungia wimbo. Amman alifunga. Akivaa jezi ya taifa, mguu unakufa. Miaka tisa ilipita bila shuti hata moja la maana kutoka kwenye mguu huo. Wakasema jezi inamlemea, na hapo walikaribia ukweli, ila hawakujua ni uzito gani.

Uzito wenyewe ulikuwa mtu. Aliitwa Ghazwan, fundi wa mashine za kupoza hewa, jirani yake katika kichochoro kimoja nyuma ya soko la samaki la Ashar. Walikua pamoja wakicheza kwenye kiwanja cha vumbi kilichokuwa na nguzo za goli za mabomba ya mafuta. Ghazwan alikuwa beki wa kushoto, mzito wa miguu na mwepesi wa mdomo, na ndiye aliyemfundisha Nibras kazi. Winga mwenye haraka ni mpiga mbio tu, alimwambia. Mngoje beki aegemee mguu mmoja. Kisha akawa anakimbia nyuma yake akimpigia kelele, "Bado! Bado!" na beki alipoegemea, "Sasa!" Nibras alipopata timu ya bandarini, kisha akaitwa timu ya taifa, alikuwa bado anaisikia ile "sasa" kichwani, na mguu wake ulikuwa unaitii kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Goli lake kubwa alilifunga miaka tisa nyuma akiwa na jezi ya taifa, ugenini, usiku wa kiangazi, mechi ikiwa inakufa. Alikata ndani kutoka kulia, akapiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukaenda kukaa juu kabisa kwenye kona ya nyavu. Nchi nzima ilisimama. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa maji ya kurushiana na nyimbo, na simu yake ikalia. Ilikuwa ni baba yake, mzee Chasib, yuko juu ya paa la nyumba.

"Sikiliza!" mzee alipiga ukelele. "Sikiliza mtaa wako!"

Akainyoosha simu hewani. Nibras akasikia bunduki za Ashar zote zinaimba. Kwetu ndivyo ilivyo: harusi, msiba, mtoto kapata shahada, timu imeshinda, mtu anapanda juu ya paa na kuiambia mbingu. Risasi zinakwenda juu, na hakuna anayejiuliza zinakwenda kulala wapi. Nibras alicheka mpaka machozi. Akamwambia baba yake, "Piga na moja kwa niaba yangu, baba."

Mzee akapiga.

Asubuhi yake aliambiwa kwamba Ghazwan amekufa. Alikuwa juu ya paa la kwao, mikono kwenye dishi la televisheni, risasi ikashuka kutoka huko ilikopanda na kumwingia karibu na shingo. Ilikuwa ya nani? Kichochoro kizima kilikuwa kimepiga. Wazee wa ukoo walikuja kutafuta suluhu ya damu kama desturi ilivyo, wakataka kila mwenye nyumba aape kwa Abbas, shahidi mtakatifu, kwamba si bunduki yake. Hakuna aliyethubutu, kwa kuwa hakuna aliyejua, na kiapo cha Abbas si cha kuchezewa. Wanaume wa mtaa wakaenda wote kwa mama wa marehemu, vichwa chini, wakasema sisi sote ni wenye deni. Mama Ghazwan aliwatazama mmoja mmoja. "Mtanilipa nini," aliwauliza, "na mimi nimdai nani, mbingu?" Alitaka jambo moja tu, kwamba kichochoro kile kisifyatue tena risasi hewani. Wakakubali, na hata harusi zao tangu siku hiyo walizisherehekea kwa ngoma tu. Mzee Chasib aliitupa bunduki yake mtoni Shatt al-Arab na hakuzungumza habari hiyo mpaka alipoingia kaburini.

Mechi ya kwanza ya taifa baada ya msiba, Nibras alifika kwenye kumi na nane, akainua mguu, na akasikia sikioni, wazi kabisa, sauti ya Ghazwan akimwambia, "Bado."

Akangoja "sasa". Haikuja. Beki akafika, Nibras akatoa pasi, mwenzake akafunga. Watu wakashangilia, na Basra bunduki zikalia vilevile kama zingelia kwa goli la yeyote. Alilijua hilo, hakuwa mjinga. Pasi yake ilikuwa inapandisha risasi zilezile. Lakini hofu haisikii hoja. Goli la mwingine lilikuwa la mwingine, yeye mkono wake haukuwamo, na sauti ikaendelea kumwambia "bado" miaka yote, Tashkent, Muscat, Seoul, popote alipoivaa jezi ile. Huko Doha sauti haikumfuata hata siku moja. Kumbe marehemu husafiri na msafara wa timu ya taifa tu, alijitania mara moja hotelini, na hakucheka.

Sasa mechi ilikuwa Ijumaa jioni, na ilikuwa Basra kwenyewe. Wakishinda, wanakwenda Kombe la Dunia. Wakitoka sare au wakifungwa, wanarudi majumbani kutazama wengine kwenye televisheni. Nibras alikuwa na miaka thelathini na miwili, magoti yake yakiuma kila akipanda ngazi, na alijua hii ndiyo ya mwisho. Aliitaka safari ile kwa tamaa ya mtoto. Aliitaka mpaka ikamnyima usingizi.

Alhamisi alasiri jamaa waliruhusiwa kuja hotelini. Yarub, kipa wa timu, mtu wa Mosul, mji unaotaniwa kwa ubahili, alimjia mbio ukumbini.

"Nibras, kuna mama anakuulizia pale mlangoni. Amebeba sinia. Kama ni chakula, mimi na wewe ni ndugu wa tumbo moja."

"We Mmosul, ukiona cha bure unapata na ukoo."

"Cha bure ndicho kitamu, bwana, muulize yeyote wa kwetu."

Nibras aligeuka, na kicheko kikamkauka. Mama Ghazwan alikuwa amesimama ndani ya baibui lake jeusi, mdogo kuliko alivyomkumbuka, sinia limefunikwa kitambaa. Kila Idi alimtumia zawadi, naye alipokea na kurudisha salamu, na mambo yaliishia hapo. Mlango wa nyumba yake Nibras hakuwa ameuvuka tangu matanga.

"Karibu, mama. Kaa."

"Nitakaa. Magoti haya si ya kusimama." Alikaa, akafunua sinia. Ilikuwa halua ya Alhamisi, ile ya unga na tende wanayopikiwa marehemu, imekunjwa kwenye vipande vya mkate. Yarub alichukua kipande, akanong'ona Fatiha kama adabu inavyotaka, akauma.

"Mungu amrehemu uliyempikia, mama. Ni nani?"

"Mwanangu."

Yarub aliacha kutafuna. Akamwangalia Nibras, akashika kifua kwa heshima, akajiondokea pole pole.

"Kula," Mama Ghazwan akamwambia Nibras. "Umekonda. Huko hawawapi chakula?"

"Wanatupa, mama."

"Wanawapa majani. Nimeona kwenye televisheni."

Alikula. Mama alimtazama mpaka alipomaliza.

"Mimi nakutazama, Nibras. Kila mechi."

"Unapenda mpira siku hizi?"

"Mpira siujui mpaka leo. Nakutazama wewe. Unafika pale, unainua mguu, halafu unasimama kidogo. Kidogo tu, mtu asiyekujua haoni. Halafu unampa mwingine. Mtaa mzima unakutukana, 'Piga, punda we!' Nasikia dirishani. Mimi nasema moyoni, amemkumbuka."

Kwa miaka tisa alikuwa amelibeba jambo lile peke yake, na sasa akaona akilibeba siku moja zaidi litamuua.

"Mama, kuna kitu sikukwambia. Usiku ule baba alinipigia simu, na mimi—"

"Ukamwambia apige moja kwa niaba yako. Najua."

Nibras aliinua macho, akamtazama.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa siri tangu lini? Alipayuka paani, 'Hii ya Nibras, kaiomba mwenyewe!' Ashar nzima ilisikia. Ghazwan alisikia pia. Nilikuwa chini ya ngazi, nikamsikia anacheka."

"Na hukunilaani?"

"Ningeanza na nani?" Alikunja kitambaa cha sinia, akakikunjua, akakikunja tena. "Nani aliyempandisha juu? Picha ilikuwa inarukaruka. Nikamwambia, panda ukashike lile dishi, nataka kumwona Nibras wanapolirudia goli lake. Akasema, mama, watu wanapiga risasi, ngoja zipoe. Nikamwambia, acha uvivu."

Ukumbini watoto wa mchezaji mmoja walikuwa wanakimbizana kuzunguka nguzo. Mama Ghazwan aliwafuata kwa macho.

"Wewe ulisema neno lako, mimi nikasema langu. Wengine wote wamemaliza. Baba yake yuko Nasiriya na mke mpya na watoto wapya. Dada yake amempa mwanawe jina lake, na sasa nyumbani wakisema Ghazwan wanamaanisha yule kikojozi. Tumebaki wawili. Ukisimama pale na mguu hewani, najua tuko wawili."

"Na kesho nikipiga?"

Alifunika sinia, akasimama kwa kujikokota.

"Ukipiga, umepiga. Mtu hafungwi mguu. Sikuja kukukataza, mwanangu. Nimekuja ujue kwamba kuna anayeona."

Afadhali angemkataza. Mtu akikukataza unaweza kumkasirikia, unaweza kumwasi, unaweza hata kumtii na kumlaumu baadaye. Nibras alimsindikiza mpaka kwenye gari ya jirani aliyemleta, akarudi ndani, na sinia alilokuwa ameachiwa akalishika mapajani kama mtoto wa mtu.

Ijumaa uwanja ulijaa tangu adhuhuri. Joto lilikuwa la kuchemsha maji, na harufu ya mbegu za alizeti zilizokaangwa ilikuwa kila mahali. Wageni walikuja kuzuia, wakazuia. Kipindi cha kwanza Nibras aliwapita watake wasitake, akatoa krosi mpaka mguu ukawaka, na kila krosi ilikuta kichwa cha beki.

Kipindi cha pili nafasi ilikuja. Alikata ndani, beki akateleza, goli likamfungukia lote. Akainua mguu.

"Bado."

Akampa mwenzake pembeni. Mwenzake, ambaye hakuitegemea, akaupaisha mpira juu ya mwamba. Uwanja ukatoa sauti moja nzito ya uchungu, halafu matusi yakaanza. Yarub aliacha goli lake akakimbia mpaka katikati ya uwanja, mishipa imemtoka shingoni.

"We Nibras! Unamngoja nani pale, baba mkwe? Una goli zima mbele yako!"

"Rudi golini kwako."

"Nitarudi! Lakini nina mama na mimi, umesikia? Ananitazama! Wote tuna mama!"

Nibras alimgeuzia mgongo. Alimwonea Yarub wivu kwa hasira yake nyepesi, hasira ya mtu anayetaka goli na hana zaidi ya hilo. Alijaribu kujiambia kwamba mama mmoja mbele ya televisheni si kitu mbele ya watu hawa wote. Kisha akajiambia kinyume chake, na hicho kilimwingia zaidi. Saa ya uwanja ikawa inakwenda. Kocha akawa anapiga kelele ambazo hazikumfikia.

Zikaja dakika za majeruhi. Yarub aliudaka mpira wa kona, akaubutua mbele kwa nguvu zake zote, na ukaanguka kulia, kwenye nyasi tupu, mbele ya Nibras. Akaenda nao. Hakuwa na mtu wa kumpa, wenzake wote walikuwa nyuma wakihema. Beki mmoja alibaki. Nibras aliingia ndani, akamwona beki anaegemea mguu wake wa kulia, na hakungoja kuambiwa. Hakusikia chochote. Alipiga kwa mguu wa kushoto, chini, karibu na mlingoti wa mbali, na nyavu zikatikisika.

Alichofanya baada ya hapo alikuja kukiona kwenye televisheni kama mambo ya mtu mwingine. Alivua jezi. Alikimbia mpaka kwenye uzio, akaukumbatia, mashabiki wakamshika nywele. Alilala chali kwenye nyasi akacheka, Yarub akamwangukia juu akimbusu na kumwita punda mpenzi wake. Kipenga cha mwisho kililia, naye akalia. Alikuwa na furaha. Tuseme kweli, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu azaliwe, imemjaa mpaka kwenye kucha, na haikuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake.

Ni katika chumba cha kubadilishia nguo, amekaa na miguu ndani ya ndoo ya barafu, alipozisikia. Zilikuwa mbali, upande wa mjini, zikilia mfululizo. Bunduki za Basra. Mkono wake ulisimama na chupa ya maji njiani kwenda mdomoni. Alijaribu kukadiria ni muda gani umepita tangu mpira ulipoingia wavuni, na katika muda huo wote ni wakati gani alimfikiria Ghazwan. Hakuupata.

Alitoka bila kuaga. Alimkuta dereva wa chama cha mpira akicheza peke yake kando ya gari, akamwomba ampeleke Ashar.

"Sasa hivi? Bwana Nibras, huzisikii? Zinanyesha!"

"Twende."

Barabara ilikuwa bendera na honi. Kwenye kila paa kulikuwa na mtu na bunduki, na cheche zikipanda. Alijificha chini ya kiti ili wasimwone. Gari ilipoingia kichochoroni, kelele zilibaki nyuma. Kichochoro chao kilikuwa kitupu na paa zake zilikuwa tupu. Watu walikuwa ndani chini ya dari zao, wakisherehekea kimya kimya, na kupitia dirisha moja alisikia mtoto akiimba jina lake na mtu mzima akimwambia anyamaze.

Alibisha hodi. Mama Ghazwan alifungua haraka, kama aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Nyuma yake televisheni ilikuwa inalirudia goli bila sauti.

"Umepiga vizuri," alisema.

"Mama—"

"Sikukasirika. Nilipiga makofi, wallahi, hata mimi. Nilipiga makofi kabla sijajua mikono inafanya nini. Halafu nikakaa chini." Alimtazama usoni. "Ulimkumbuka?"

Angeweza kumdanganya. Neno lilikuwa jepesi, na mama angeliamini, au angejifanya kuliamini.

"Baadaye," akasema. "Nilimkumbuka baadaye."

"Baadaye," mama alirudia. Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na Nibras aliutafuta ukali huo kama mtu anayetafuta pa kushika. "Ni sawa, mwanangu. Ndivyo watu wanavyokuwa. Basi nimebaki mimi."

"Mama, niache niingie nikae nawe."

"Leo? Leo nchi nzima inakutaka, uje ukae na mimi? Nenda. Na usisimame nje, panda gari, zinashuka."

Akaufunga mlango taratibu. Nibras akasikia komeo likiingia.

Hakupanda gari. Alisimama katikati ya kichochoro, kichwa wazi, akasikiliza. Alijaribu kukumbuka sauti ile ya "bado" jinsi ilivyokuwa, uzito wake, mkwaruzo wake wa mvuta sigara, na aliweza kukumbuka kwamba ilikuwa na mkwaruzo, lakini mkwaruzo wenyewe haukuja. Kwa miaka tisa alikuwa ameiomba imwachie. Sasa alikuwa tayari kuipigia magoti. Akaita, kwanza chini kwa chini, "Ghazwan." Akaita tena kwa nguvu, kama walivyokuwa wakiitana wakati wa kwenda kiwanjani.

Kule mwisho wa kichochoro, barabarani, lori lililojaa vijana lilipunguza mwendo. Mmoja alimulika taa ya simu yake, akamtambua, na wote wakalipuka kwa pamoja, "Nibras! Nibras! Nibras!" Akaita tena Ghazwan, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka koo likapasuka. Vijana walidhani anawajibu, wakafurahi, na wakazidi kumwita jina lake.